Glasi ya Maji ya Minamata

Desemba 1959, kampuni ya Chisso ilizindua mtambo wa kusafisha majitaka ya kiwanda chake mjini Minamata, Japani. Mkuu wake akanywa glasi ya maji hadharani ili watu waamini ni salama. Mtambo wenyewe haukuundwa kuondoa zebaki iliyoungana na kaboni, na miezi miwili hivi kabla ya hapo paka aliyelishwa majitaka hayo na daktari wa kiwanda, Hosokawa Hajime, alikuwa ameshikwa na degedege kama wakazi wa pwani ile waliougua kwa zebaki. Matokeo yalifichwa, na umwagaji wa zebaki ukaendelea hadi 1968. Usiseme ala za kupimia hazikuwepo. Mwaka huohuo wa 1959 Chuo Kikuu cha Kumamoto kilikuta takriban gramu 2 za zebaki katika kilo moja ya tope karibu na mdomo wa mfereji. Vipimo vilikuwepo, ila mikononi mwa wachache, na mvuvi hakuwa mmoja wao.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya chembechembe nano zinazong'aa: zinaweza kumpa mvuvi kipimo chake mwenyewe cha metali majini. Nukta za kwanta, zilizoanza kueleweka miaka ya 1980 kwa kazi za Alexei Ekimov na Louis Brus (Nobeli ikawafikia 2023, pamoja na Moungi Bawendi), hung'aa zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ioni ya metali ikinata juu yake, huipokonya nishati na mng'ao hufifia. Kadiri metali inavyozidi ndivyo giza linavyozidi. Kejeli ni kwamba nukta nyingi za mwanzo zilitengenezwa kwa kadimiamu, nayo ni sumu. Ndiyo maana nukta za kaboni, zilizogunduliwa 2004, zimependwa.

Wakemia watapinga kwamba majitaka si maji ya maabara: rangi za viwandani hufyonza mwanga, na chuma au shaba huweza kuzima mng'ao kama zebaki. Ni kweli, na sitaki hakimu amtie mtu hatiani kwa kipimo hiki pekee. Lakini chembe zenye rangi mbili, moja ikififia na nyingine ikibaki, hupunguza makosa, na kinachotiliwa shaka hupelekwa maabara. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vihisio vingi huitambua zebaki ya ioni huku methili-zebaki, ile iliyoungana na kaboni na kuua watu Minamata, ikiponyoka. Ila tope lile lilijaa zebaki ya kila namna. Kuikuta moja kungetosha kumtaka mkuu wa kampuni aonyeshe glasi yake ilijazwa kutoka bomba lipi.