Redio, Ubao na Mwalimu: Habari za Vyombo vya Kufundishia Katika Nchi ya Ufipa

Msafiri aupandaye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, akiliacha nyuma yake bonde la Ziwa Rukwa na joto lake, hufika katika uwanda mpana wa majani na upepo wa baridi, ulioinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; na nchi hiyo, muda mrefu kabla haijajengwa ndani yake nyumba iitwayo shule, ilikuwa na mafunzo ya sanaa ngumu yaliyopokewa na vizazi kwa vizazi. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo ziitwazo malungu, ambazo baadhi yake zilifikia kimo cha mita tatu, na ustadi wake ulikuwa katika kuyapanga matundu ya chini hata hewa ikajivuta yenyewe pasipo mivukuto, kisha chuma ghafi kikapelekwa katika tanuri ndogo kusafishwa kwa moto wa kuvuviwa. Padri Wyckaert, aliyeyashuhudia mambo hayo, aliyaandika katika jarida la Anthropos mwaka 1914, na kwa maandishi yake twajua kwamba fundi alikuwa ni mwalimu pia, na kijana alijifunza kwa kubeba mkaa, kwa kukanda udongo, na kwa kuyatii masharti na miiko yote ya kazi. Nayataja haya kwa kuwa wako watu wasemao kwamba ufundi uliletwa Ufipa kutoka nje, ilhali kilicholetwa kutoka nje ni namna nyingine ya kufundisha, nayo ilikuja na vyombo vyake.

Vyombo hivyo vilipitia ziwani. Karema, penye boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, palikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, nao hatimaye wakapanda uwandani wakafungua misheni zao, Kate na Chala zikiwa miongoni mwake. Kardinali Lavigerie, mwasisi wa shirika lao, alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe ila baada ya miaka minne ya mafundisho. Na maadam misheni zilikuwa chache na vijiji vingi, mzigo wa miaka hiyo minne uliwaangukia makatekista, watu wa papo hapo, waliotumwa vijijini wakiwa na kitabu kidogo, sleti, kipande cha chaki na pengine picha za rangi za kutundikwa ukutani. Darasa la katekista lilikuwa ni kibanda, na mara nyingi kivuli cha mti tu. Kila alichokuwa nacho aliweza kukibeba mkononi kwa safari ya siku moja, na kilipovunjika kazi haikusimama.

Serikali ya Kiingereza ilikuja na vyombo vya aina nyingine. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kuchapa gazeti la Mambo Leo, ambalo walimu wengi walilifanya kitabu cha kusomea kwa kukosa vitabu vya kutosha. Na kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, palikuwapo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, sauti yake ikiwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Lori lilizunguka na mashine hizo katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rodesia ya Kaskazini. Sitakawia katika habari hiyo, kwa sababu lori lilipoondoka picha ziliondoka nalo, na fedha zilipokwisha jaribio nalo likakoma; hapakuwa na mwalimu hata mmoja wa kijijini aliyeachiwa chombo chochote mkononi.

Redio ndiyo iliyokaa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baada ya uhuru ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita kikaanza kutengeneza redio na betri papo hapo nchini, na kifaa kilichokuwa anasa ya maofisa kikaingia katika nyumba ya mkulima. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, katika Ufipa, ni zaidi ya kilometa elfu moja kwa barabara, na aliyetaka kusikia alilazimika kutafuta masafa mafupi, sauti ikipanda na kushuka, waya wa erio ukiwa umefungwa juu ya mti ili kuivuta. Lakini ilisikika, nayo ilisema Kiswahili, lugha ambayo makatekista na mahakama na soko walikwisha iandalia njia.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka 1970, aliutangaza mwaka huo kuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kutoka hapo redio ikapewa kazi ya darasa. Kampeni iliyo kubwa kupita zote ilikuwa Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, ambayo viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa ajili yake, na watu takriban milioni mbili wakashiriki nchini kote. Inafaa kueleza jinsi ilivyoendeshwa, kwani watu wengi huzikumbuka nyimbo zake na kusahau utaratibu wake. Kikundi kilikutana kila wiki kwa muda wa wiki kumi na mbili. Walisikiliza kipindi kwa pamoja, kisha redio ikazimwa, na hapo ndipo somo lilipoanza hasa, kwa maana kiongozi alifungua kitabu kilichoandikwa kwa herufi kubwa na lugha nyepesi, akasoma sehemu ya siku hiyo, malaria au safura au kichocho au kuhara damu, akawauliza wenziwe ugonjwa huo uko wapi kijijini kwao na wataufanyia nini. Na wakisha kukubaliana walichukua majembe wakaenda kuchimba vyoo au kufyeka majani. Kiongozi hakuwa daktari wala mwalimu wa chuo. Aghalabu alikuwa jirani aliyejua kusoma, naye alifunzwa na mtu wa wilayani aliyefunzwa na mtu wa mkoani, ngazi kwa ngazi, kabla kipindi cha kwanza hakijapigwa. Mimi naona kuwa siri yote ya mafanikio yake ilikuwa katika ngazi hizo, na katika dakika zile zilizofuata baada ya redio kuzimwa.

Kisomo nacho kikafuata mkondo huo huo. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kuwa waliosalia ni asilimia 39. Mkoa wa Rukwa wenyewe, ulio na Ufipa ndani yake, ulikuwa umezaliwa mwaka uliotangulia, 1974, kwa kuunganisha sehemu za Mbeya na Tabora, na Chala, penye misheni ya zamani, pakaja kuwa na chuo cha maendeleo ya wananchi.

Katika miaka hiyo ubao wa darasa uliishi kwa redio, na jambo hili kila aliyesoma shule ya kijijini analijua. Betri zilipokwisha nguvu hazikutupwa; wanafunzi walizipasua, wakatoa unga mweusi wa ndani, wakautwanga pamoja na mkaa, wakauchanganya na utomvu wa majani yaliyopondwa, na kwa kitambaa wakausugua ubao wa mbao au saruji uliopauka hata ukawa mweusi tena na chaki ikashika. Kazi hiyo ilifanywa siku ya usafi, na vidole vilikaa vyeusi hata Jumatatu.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ya redio ilikuwa ni kuwaumba walimu wenyewe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto aingie shule, mpango uliojulikana kwa herufi UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, na ilipofika 1977, mwaka uliowekwa, vyuo vya ualimu havikuweza kamwe kutoa walimu wa kutosha. Basi kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa madarasa papo hapo vijijini, wakifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio, na usimamizi wa mtu aliyekuwa na dhamana ya kata. Waliohitimu kwa njia hiyo nchini walizidi 30,000. Jina la “mwalimu wa UPE” baadaye likageuzwa kuwa dhihaka, na dhihaka hiyo haikuwa na insafu. Kijana wa miaka kumi na minane, katika shule isiyo na taa wala maktaba, alisimama mbele ya watoto mchana, na jioni akakaa mbele ya redio na daftari, akiandika kwa kasi ya mtangazaji asiyeweza kuombwa arudie.

Leo Sumbawanga imepata umeme, ambao kwa miaka mingi umekuja kutoka Zambia kwa njia ya Mbala, na walimu wamegawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022. Shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona, hata zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni, masomo yalipelekwa kwa watoto kwa redio na televisheni. Ila mpango wa mtu wa kukaa na watoto baada ya kipindi, ule uliopangwa kwa makini mwaka 1973, haukuwapo. Kishikwambi chaweza kubeba vitabu vya darasa zima, nami nakifurahia kwa dhati. Walakini kioo chake kikipasuka katika shule ya bondeni, Mtowisa au Muze, hakuna unga wa betri utakaokifufua, na mwalimu aliyekabidhiwa anahitaji kujua hasa ni nani wa kukitengeneza, kwa fedha ya nani, na kitachajiwa wapi umeme usipofika darasani.

Walimu waliosoma kwa redio wamekwisha staafu, na wengi wao wanaishi bado katika vijiji walikofundisha, wakilima mahindi na kuyahifadhi masanduku yenye masomo ya posta na madaftari ya vipindi. Halmashauri za Rukwa na vyuo vya ualimu vingefanya jambo la maana kuyakusanya maandishi hayo na kuwauliza wenyewe walivyofanya: walisikilizaje somo mara moja tu wakalifundisha kesho yake, waliwauliza nini wenzao wa shule ya jirani, na msimamizi wa kata alipofika alikagua kitu gani kwanza. Wanaopanga leo mafunzo ya vishikwambi wangepata humo majibu ya maswali wanayojiuliza, na wenye majibu wangali hai wa kuulizwa.