Tathmini ya nyurosaikolojia, Nakivale
Mwananyurosaikolojia wa kitabibu hupima kumbukumbu, umakini na uamuzi wa mtu anayedhaniwa ameumia ubongo, kisha huieleza mamlaka jinsi jeraha hilo linavyoathiri ushahidi wake. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yalianzishwa 1958. Baadhi ya wanaopokelewa katika kituo chake cha mapokezi cha Kabazana hulazimika baadaye kuthibitisha madai yao ya hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006, ilhali kipigo cha kichwani na kiwewe huvuruga mfuatano wa kumbukumbu. Basi, tarehe zinazopishana pekee hazithibitishi uongo.

Wapinzani wa tathmini hii husema mtu anaweza kujifanya mgonjwa. Anaweza, na ndiyo maana vipo vipimo vya kubaini juhudi hafifu. Pingamizi zito zaidi ni jingine: vipimo vingi vilisanifiwa kwa wasomi wa Ulaya na Marekani, hivyo alama ndogo ya mkulima Mkongomani asiyesoma, tena kupitia mkalimani, huenda ikaonyesha tu kukosa shule. Mtaalamu makini huilinganisha na uchunguzi wa daktari na maisha ya awali ya mhusika. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso (1999, ikarekebishwa 2022), humtaka aeleze ni kwa kiasi gani dalili zinaafikiana na simulizi. Hukumu si yake.