Mlolongo, Kura ya Siri na Gharama ya Kupinga

Ujasiri wa kwenda kinyume na kundi huzungumzwa kama tunu ya moyo: huyu kajaliwa, yule kanyimwa. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo unatupotosha. Idadi ya watakaothubutu kupinga hutegemea sana utaratibu wa kuwauliza, na utaratibu umo mikononi mwetu.

Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi wa Marekani mistari mitatu na kuwauliza ni upi ulio sawa kwa urefu na mstari wa nne. Jibu lilikuwa wazi. Hata hivyo, kila mshiriki aliketi na wenzake waliokwisha kupanga kutaja kwa sauti jibu lisilo sahihi. Karibu theluthi moja ya majibu yake ilifuata kosa lao. Asch alipomwingiza mtu mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, ufuasi huo ulipungua mno. Ulipungua pia mshiriki aliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka. Uwezo wake wa kuona haukubadilika. Kilichobadilika ni nani alikuwa upande wake na nani alikuwa akimsikia.

Kenya ililijua jambo hili nje ya maabara. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee cha siasa wakati huo, mwaka 1988, wanachama walijipanga mchana kweupe nyuma ya mgombea au wakala wake, mbele ya chifu, mwajiri na jirani. Aliyevuka asilimia 70 alipita bila kukabili kura ya siri ya uchaguzi mkuu. Watetezi wa utaratibu huo, ulioitwa mlolongo, walisema una uwazi, kwa kuwa hauna sanduku la kuchezewa. Lakini uwazi huo ulimwanika mpiga kura huku ukimsitiri msimamizi. Palipolalamikiwa kwamba mstari mfupi ndio uliotangazwa mshindi, hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Watu walikwisha kutawanyika. Umati ulikuwa umeona kwa macho yake mstari upi ni mrefu, kama wanafunzi wa Asch, lakini kutamka ulichokiona kulikuwa na bei.

Waliotamka mapema walikuwa viongozi wa dini, wakiwemo Alexander Muge, Henry Okullu, David Gitari na Timothy Njoya. Ushujaa wao haupingiki. Pamoja na hayo, walikuwa na mimbari, waumini wa kuwasikiliza na riziki isiyotoka serikalini. Mwalimu wa shule ya msingi hakuwa na ngao hizo, na kumwita mwoga ni kumwonea. Mwaka 1990 kamati ya KANU chini ya George Saitoti ilizunguka kukusanya maoni, na wananchi wengi wakausema vibaya mlolongo. Desemba mwaka huo ukafutwa. Wananchi ni wale wale. Mlango ndio uliofunguliwa.

Ipo hoja kwamba usiri hulea unafiki, na kwamba jamii isiyokubaliana haijengi kitu. Ina uzito wake, kwani mpinzani naye hukosea, na wengi hawakosei kila mara. Lakini maafikiano yana thamani pale tu ambapo kukataa kuliwezekana. Tume ya Jaji Francis Nyalali nchini Tanzania iliona kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Asilimia 20 hivi hawakuwashinda wenzao kwa hesabu; walipata haki ya kuwepo.

Tukitaka wapinzani wa kweli katika bodi, seneti za vyuo na vikao vya vyama, mahubiri ya ujasiri hayatoshi. Maoni yaandikwe kabla mwenyekiti hajatoa lake. Hoja ya wachache iingie katika kumbukumbu za kikao, kama mahakama zinavyohifadhi hukumu ya jaji aliyetofautiana na wenzake. Taasisi inayomtegemea shujaa ili isikie ukweli imekwisha kujinyima ukweli wa watu wa kawaida, nao ndio wengi.