Tarehe ya Kambi za Manamba, Kasulu na Kibondo

Yako maneno yanayosemwa sokoni Kasulu, kwamba kazi ya kulaza wageni ililetwa na watu wa mashirika, wale wa magari meupe, Warundi walipovuka mpaka mwaka 1993. Hata baadhi ya wenye gesti huyakariri. Nayakataa. Kabla ya gesti palikuwa na kambi, na mgeni wa kambi hakuwa mtu wa shirika. Alikuwa Muha aendaye Tanga kukata mkonge.

Kweli, resthausi ya Bwana DC, mkuu wa wilaya, ilikuwapo, kwa Wazungu na maofisa wa Serikali. Hiyo naiacha kando, maana msafiri wa kawaida hakulala humo.

Asili ya habari yetu ni mmea. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Wapo wasimuliao kwamba miche hiyo ilitoroshwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, ili wenye nayo wasijue. Wasomi huguna wakisikia hivyo. Mimi naipokea kama ilivyo, maana mamba yule ndiye aliyekuja kuwameza manamba, vibarua wa mkonge. Kutoka miche 62 Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na wenyeji wa Tanga, wenye minazi na mashamba yao, hawakuona sababu ya kuchomwa na miiba kwa ajili ya mtu mwingine. Basi watu wakatafutwa mbali, na mbali ndiko kwetu.

Turudi njiani. Buha, nchi ya Waha wa Kasulu na Kibondo, ilikuwa na kodi ya kichwa lakini haikuwa na zao la kuilipa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikatuacha sisi wa milimani tukiitazama. Katika miaka ya 1930 malale yaliisumbua Kibondo hata Serikali ikawahamisha watu na kuwakusanya pamoja, ili kuwaepusha na ndorobo. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, nayo ikaleta maajenti, malori na kambi. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa manamba.

Jioni kambini ilikuwa hivi. Lori limeshusha watu, vumbi jekundu limewafika magotini. Dresa kawapanga mstari, kamtazama kila mmoja macho, kampapasa shingo nyuma kutafuta matezi ya malale. Karani kauliza jina, jina la baba, kijiji, na mtware, yaani chifu wake mdogo. Kisha dole gumba likachovywa kwenye wino. Ndipo likaja blanketi, na posho ya unga na maharage, na moto ukakokwa nje ya banda. Asubuhi ilikuwa makofi ya taratibu na “Mwakeye”, wa Heru, upande wa Kasulu, akimwamkia wa Buyungu, upande wa Kibondo, ambaye jana hakumjua. Mtu ataniambia hiyo si nyumba ya wageni, kwa kuwa hakuna aliyelipa. Walilipa. Walilipia Tanga, kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo kazi haikumalizika haikutiwa alama.

Kutoka hapo ni Kigoma, kisha garimoshi, Uvinza, Kaliua, Tabora, usiku na mchana. Reli ya kati haikuunganishwa na ya Tanga mpaka mwaka 1963, kwa hiyo walishuka na kupanda malori tena hadi Korogwe. Wengine hawakurudi. Wajukuu wao wako Muheza na Korogwe leo, wanaitwa Waha na Kiha hawakijui.

Hapa lazima niseme la Heru. Kambi zilipojaa kuliko wakati wowote, kiti cha umwami wa Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyetawala tangu mwaka 1946 hadi uchifu ulipofutwa mwaka 1963. Machifu wanawake Tanganyika walihesabika kwa vidole, naye alikaa barazani pamoja na machifu wanaume wa nchi nzima. Mtu wa pwani akimdhihaki manamba wa Kiha kwa nguo zake, ajue anamdhihaki raia wa Mwami huyo.

Baada ya uhuru nyuzi za viwandani zikaiangusha bei ya mkonge, uandikishaji ukakoma, malori hayakuja tena. Katika miaka ya 1970 Operesheni ya vijiji ikawahamisha watu, na njia za zamani zikapoteza wa kuzionyesha. Banda la miti na nyasi haliachi gofu. Ndiyo sababu kijana wa Murubona, hapa Kasulu, hukuapia kwamba hapakuwa na kitu.

Lakini ingia gesti yoyote ya Kasulu usiku huu, upewe daftari lenye mistari iliyochorwa kwa rula. Jina. Kabila. Unakotoka. Unakokwenda. Karani wa kambi aliuliza hayo hayo, kasoro dole gumba.

Wa Kibondo wanadai kambi yao ndiyo iliyotangulia, na Kasulu ilikuwa kituo cha kupitia tu. Mimi ni wa Heru na nimeandika ya Heru. Mwenye ya Kibondo na alete kalamu yake.