Mstari Ambao Hakuna Mtu Hupiga Selfi Nao Isiolo

Kama umewahi kwenda Isiolo kupitia Nanyuki, picha unayo kwa simu. Kile kibao cha ikweta chenye ramani ya Afrika na futi 6,389 kimepigwa mapicha mob kuliko Mlima Kenya wenyewe. Ukipitia Embu na Meru bado utakutana na ikweta upande wa Nkubu, na kibao kingine.

Halafu kuna ule mchezo wa maji. Jamaa ana beseni lenye tundu na kijiti. Anatembea hatua chache kaskazini, maji yanazunguka hivi, anaenda kusini, yanazunguka vile. Wasee, hiyo ni sarakasi. Mzunguko wa dunia unapinda vimbunga kweli, lakini hatua ishirini kutoka ikweta hauwezi kusukuma maji ya beseni. Kinachoamua ni vile anamwaga na vile anageuka. Mimi hulipa tu, shoo ni safi.

Sasa, kuna mstari mwingine mbele, na huo haukuwa mchezo. Isiolo ilikuwa makao makuu ya Northern Frontier District, ile NFD ya wakoloni. Kuanzia sheria ya 1902 ya wilaya za mbali, Waingereza waliweza kulifunga eneo hilo, na sheria nyingine ya 1934 ikawapa maafisa nguvu zaidi juu ya nani anaishi wapi na nani anatembea. Kuenda kaskazini ya Isiolo ulihitaji kibali. Kulikuwa na kizuizi barabarani, unasimama, unaonyesha karatasi. Ndiyo maana mpaka leo utasikia wazee wa huko wakisema mtu anayesafiri Nairobi "ameenda Kenya". Watu hucheka wakiisikia kama ni ushamba. Si ushamba, ni historia.

Na uhuru haukuondoa mstari. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupanda, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Vita vya Shifta vikaenda hadi 1967. Wilaya ya Isiolo iliingizwa kwenye hizo kanuni, na watu wakakusanywa kwa kambi, zikiwemo za Garba Tulla na Merti, mifugo ikichukuliwa au kupigwa risasi. Waborana wanaita kipindi hicho Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Hebu fikiria mfugaji anayeishi kwa kuhama, halafu anaambiwa asisogee. Hizo kanuni zilifutwa 1991. Mzazi wako labda alikuwa tayari shule.

Lami nayo ilichelewa sana. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500, na kwa miaka mingi ulizisafiri juu ya lori la ng'ombe, siku kadhaa, vumbi hadi kwa meno. Sasa ni barabara tamu ya kupiga picha, na ndiyo maana kila wikendi tunaona video za Ololokwe.

Kinachoniudhi ni hesabu ya vibao. Ukitoka Isiolo unafika Archers Post, na hilo jina ni la Geoffrey Archer, afisa Mwingereza aliyeweka kituo pale na baadaye akawa gavana wa Uganda. Mombasa meno ya ndovu yaliongezwa 1956 kwa sababu ya ziara ya Princess Margaret. Mgeni wa kifalme alipata pembe juu ya barabara. Watu wa Gaf Daba hawana hata jiwe kando ya lami.

Na haingekuwa kazi kubwa. Mafundi wa chuma wako Isiolo. Gogo moja la kizuizi likiwa limeinuliwa juu, mapipa mawili, ngamia mmoja wa vyuma vya gereji, na majina ya zile kambi yameandikwa kwa Kiborana, Kisomali na Kiswahili. Mimi ningesimamisha gari.