Nywele za Kope Zikirudi Kuchoma

Labda nyumbani kuna nyanya aliyepasuliwa kope kwa sababu ya vikope, yaani trakoma, na sasa nywele zinamchoma jicho tena. Anasema, "Upasuaji haukunisaidia." Asikate tamaa. Zamani madaktari walitumia njia mbalimbali, na mara nyingi nywele zilirudi. Majaribio ya Oman, yaliyochapishwa mwaka 1990 na 1992, yalilinganisha njia hizo. Ile ya kukata kope na kugeuza ukingo wake nje ikashinda. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa hurudiwa. Nywele ukizing'oa kwa kibano huota tena. Kovu likishaziba mboni, hakuna matone ya kulifuta. Mpeleke kliniki ya macho mapema. Kope huweza kupasuliwa mara ya pili.