Cha Dukani na cha Karakana: Kanuni Moja ya Mashindano ya Roboti

Mashindano ya kwanza ya roboti ya shirika la FIRST yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari mjini Manchester, New Hampshire, Marekani, timu zikiwa 28. Mwanzilishi alikuwa mvumbuzi Dean Kamen. Pamoja naye alikuwepo Woodie Flowers, profesa wa MIT, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwagawia wanafunzi kasha la vikorokoro waunde mashine za kushindana. Kasha hilo likarithiwa. Timu ziliunda roboti kwa vitu vilivyomo, na nyongeza chache kutoka katalogi ya duka lililoteuliwa, hivyo haikuwa na maana kuuliza kipi kimenunuliwa na kipi kimetengenezwa.

Swali hilo lilipata uzito kadiri milango ya manunuzi ilivyofunguliwa. Mwaka 2004 wahandisi Andy Baker na Mark Koors walianzisha AndyMark, kampuni ya kuuza giaboksi na magurudumu yaliyobuniwa kwa ajili ya roboti hizo hizo. Kitu kilichowahi kuwakeshesha vijana karakanani sasa kiliagizwa kwa simu. Ikabidi kitabu cha kanuni kieleze kipuri cha dukani ni kipi: kiuzwe na muuzaji halali, timu yoyote iweze kukipata, nacho kibaki kama kilivyotoka dukani. Kwa miaka kadhaa muuzaji alitakiwa hata awe na akiba ya kutosha kutuma bidhaa ndani ya siku tano za kazi, sharti lililomfungia nje fundi wa mtaani anayeichongea timu moja tu.

Kilichotengenezwa kilielezwa kwa msururu wa vitenzi: kukata, kusubu, kupaka rangi, na mwishowe, kwa utani wa waandishi, hata kuzua kwa mazingaombwe. Bomba la alumini lililonunuliwa ni la dukani. Likitobolewa matundu mawili tu, limeshatengenezwa. Kifaa kilichochongwa kwa kufuata michoro ya bidhaa iliyomo madukani nacho huhesabiwa kimetengenezwa, ingawa mkaguzi akiviweka viwili hivyo mezani hataona tofauti.

Ukali huo unaonekana wa kipuuzi mpaka itazamwe kalenda. Kanuni haikupima ustadi, ilipima muda. Mchezo wa kila msimu ulitangazwa Januari, na kilichotengenezwa kabla ya siku hiyo kilikatazwa, ilhali kipuri cha dukani kiliruhusiwa hata kama kilikaa kabatini tangu msimu uliopita. Betri zilizoungwa nyaya mapema zilisamehewa. Baada ya wiki zipatazo sita roboti ilifungwa, kwanza kwenye kreti, baadaye kwenye mfuko wenye lakiri. Mwaka 2019 timu iliruhusiwa kuingia uwanjani na ratili 30 tu za vitu vilivyotengenezwa nje ya mfuko.

Mfuko uliondolewa kuanzia msimu wa 2020, lakini mpaka wa Januari ulibaki. Programu na michoro ya zamani navyo viliwekwa chini ya mantiki ya duka: viliruhusiwa endapo timu ilikuwa imevitoa hadharani kabla ya uzinduzi wa mchezo, wapinzani wake nao waweze kuvichukua.